Namba Sita Hatoshi Kwenye Karatasi

Wadogo zangu mnaoanza uskauti wa kusaka vipaji vya soka hapa Tanga, nimesoma ripoti zenu za viungo, wale wachezaji wa katikati ya uwanja, na zimenikera. Nasema hivi kwa kuwa nawapenda na najua uwezo wenu. Kila ripoti inaanza na asilimia ya pasi na kuishia na asilimia ya pasi. Mchezaji mwenyewe simwoni humo. Kabla hamjarudi uwanja wa Mkwakwani, shikeni haya.

1. Asilimia ya pasi peke yake haimpimi kiungo. Anayerudisha mpira kwa beki wa kati kila akibanwa atampita anayethubutu pasi mpenyezo. Andika pasi ilikwenda wapi, na aliyeipokea alikuwa ameelekea goli gani.

2. Idadi ya mipira aliyopora ilinganishwe na muda ambao wapinzani walikaa na mpira. Kiungo wa timu inayoshindia kukaba atapora mingi tu, hata kama ni wa kawaida.

Hapa lazima nisimulie, maana jambo hili linaniuma mpaka leo. Mwenzenu mmoja aliyewatangulia alitumwa kumtazama kijana kwenye mechi ya majaribio kule Makorora. Namba sita, yaani kiungo wa kukaba anayesimama mbele ya mabeki, mwembamba, hana kelele uwanjani. Mwenzenu alihesabu kwa uaminifu wote: mipira aliyopora, ya vichwa, pasi. Hesabu ikatoka ndogo. Akaandika kwamba dogo hakabi. Mkata umeme asiyekata, nani amtake? Klabu iliyokuwa ikimhitaji ikasoma mstari ule mmoja, ikaachana naye.

Mimi nilikuwa nimeketi ng'ambo ya pili ya uwanja, nikimtazama kijana yule tu. Namba kumi wa wapinzani, yule kiungo wao wa kushambulia, akisogea kwenye uwazi anaomba mpira, dogo anatupa jicho nyuma ya bega, anakwenda hatua tatu kushoto, basi. Mwenye mpira anainua kichwa, anaona njia imezibwa, anageuka na kumrudishia beki wake. Dogo hakugusa mpira wala mtu. Dakika mbili baadaye wanajaribu kulia, anafika tena kabla ya pasi kupigwa. Kipindi cha pili wakaacha kabisa kupita katikati, wakawa wanabutua mipira mirefu. Unaporaje mpira ambao watu wanaogopa kuupitisha kwako? Niliyasema haya kwa waliohusika, lakini karatasi ilikuwa na tarakimu, mimi nilikuwa na maneno. Kijana akaenda zake Pangani kuvua na wajomba zake, mpira akauacha.

Na msidhani ni mambo ya mchangani. Mwaka 2003 Real Madrid walimwachia kiungo wao wa kukaba, Claude Makélélé, aende Chelsea. Hakuwa mtu wa mabao wala wa pasi za mbali, kwa hiyo hakulipwa kama nyota waliokuwa mbele yake. Madrid walikuwa wametoka kuchukua ubingwa wa Hispania. Hawakuupata tena hadi 2007. Sababu zilikuwa nyingi, ila pengo la pale mbele ya mabeki lilionekana wazi.

Kwa hiyo simaanishi mtupe hesabu. Namaanisha mhesabu mlichokiona. Mpinzani amegeuka nyuma mara ngapi kwa sababu ya mtu wako? Kabla ya kupokea ametazama begani mara ngapi? Hilo la pili Geir Jordet, mtafiti wa Norway, amelichunguza kwa viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza: wanaotazama sana kabla ya mpira kufika hufanikisha pasi zaidi.

3. Mechi ya kwenye runinga haitoshi. Kamera inafuata mpira, na kiungo muda mwingi yuko mbali nao. Nendeni uwanjani, kaeni juu, usawa wa mstari wa kati.

4. Macho nayo yana upendeleo. Yanapenda chenga, yanapenda mrefu, yanapenda mtoto wa mtaani kwetu. Kiungo Mfaransa N'Golo Kanté ana mita 1.68, na wengi walimpita wakitafuta miili mikubwa. Takwimu zake za kupora mipira akiwa Caen ya Ufaransa zilisaidia kuwavuta Leicester ya Uingereza, wakaenda kumtazama vizuri, wakamsajili 2015. Mwaka uliofuata wakawa mabingwa wa Uingereza. Namba zikipiga kelele juu ya mtu usiyempenda, rudi ukamtazame tena.

5. Masika uwanja ukijaa maji, andika hivyo juu kabisa ya ripoti.

Mechi ijayo kila mmoja wenu atapewa kiungo mmoja na asimwache kwa macho, hata goli likifungwa upande mwingine. Daftari liwe na safu tatu: ametazama begani, mpinzani amegeuka nyuma, na alikuwa wapi timu yake ilipopoteza mpira. Takwimu nyingine ninazo mimi, nitawapa mkishanikabidhi madaftari.