Mwanangu, jina lako ni dai moja, mkataba wako ni jingine

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema wamekuachisha kazi siku hiyo hiyo bila notisi, na jioni meneja akawaandikia watu kwamba umeondolewa kwa wizi wa stoo. Unauliza ushtaki kwa kashfa, kwa kuvunja mkataba, au yote mawili.

Nimeumia. Mtoto niliyemlea mimi haitwi mwizi nikatulia. Lakini nimekaa ofisi ya utumishi miaka mingi, na nimeona madai ya haki yakiharibika kwa sababu mtu amechanganya uchungu wa jina na pesa ya mkataba.

Fungua mkataba kwenye kipengele cha kusitisha ajira. Kama kinataka notisi ya mwezi na hukupewa, dai mshahara wa mwezi huo, pamoja na siku za likizo ulizobakiza. Watasema wizi unaruhusu kufukuza papo hapo. Basi wauthibitishe, tena waonyeshe lini walikuita ujieleze. Mkataba wa kimataifa namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, unataka mtu asikilizwe kabla ya kuachishwa kwa sababu ya mwenendo. Si kila nchi imeuridhia, ila sheria nyingi za kazi zina sharti kama hilo.

Aibu, mwanangu, mkataba kwa kawaida hauilipi. Katika kesi ya Addis dhidi ya kampuni ya Gramophone, mwaka 1909, House of Lords ya Uingereza, mahakama ya juu kabisa ya huko wakati ule, ilikataa kumlipa meneja fidia kwa jinsi alivyodhalilishwa alipofukuzwa, na nchi nyingi zilizorithi sheria ya huko zimeifuata.

Aibu unaidai kwa kashfa. Hapo lazima maneno yawe yamemfikia mtu wa tatu. Aliyokwambia meneja wako mkiwa wawili, mlango umefungwa, hayahesabiki hata kama yalikukata maini. Barua pepe inahesabika. Ila mwajiri ana kinga: akiwaambia wanaopaswa kujua, kwa nia njema, anaweza kusalimika hata kama alikosea. Kinga inaanguka ukithibitisha nia mbaya, au kwamba alitangazia wasiohusika. Kwa hiyo tazama orodha ya wapokeaji, jina kwa jina. Mhasibu na mkuu wa stoo, sawa. Mteja aliyewekewa nakala? Kesi yako ya jina iko hapo.

Usikawie. England, kwa mfano, kashfa ina ukomo wa kufungua kesi wa mwaka 1, mkataba miaka 6, na madai ya kuachishwa isivyo haki ni miezi michache tu. Muulize wakili wa huko uliko, wiki hii. Endelea kuomba kazi na utunze kila barua ya maombi, maana mahakama itauliza ulifanya nini kupunguza hasara. Na nakusihi, usimwandike meneja huyo popote kwa hasira, asije akakushtaki wewe.

Nitumie picha ya ile barua pepe, majina ya wapokeaji yaonekane.

Mama yako