Nahodha wa La Paz hachelewi

Kila nikiwaambia jamaa zangu wa San Diego kwamba natoka kuvua La Paz, kule Baja California Sur, Meksiko, nao wakitaka kwenda, swali la kwanza huwa lile lile: kwa kuwa Wameksiko hawana haraka, tukiambiwa tuwe ufukweni saa kumi na moja alfajiri, si hata kumi na mbili tutawakuta? Hamtawakuta. Au mtawakuta, lakini siku itakuwa imeshaharibika, na mmeshalipa.

Nakubali sifa hiyo ina asili yake. Ukialikwa chakula nyumbani kwa mtu saa mbili usiku, ukabisha hodi saa mbili kamili, utamkuta mwenyeji hajaoga na mkaa haujawashwa. Saa ya mwaliko ni ya kukadiria, na kumvamia mtu kabla hajawa tayari ni kumtia aibu. Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa halihitaji somo hilo, harusi za kwetu zimeshamfundisha. Shida inaanza pale mgeni anapoichukua saa ya karamu na kushuka nayo pwani.

Mvuvi anafuata ratiba ambayo hakuipanga yeye. Kwanza kuna chambo. Karibu kila safari pale huanza kwa kununua samaki wadogo walio hai, na wauzaji huwa kazini kungali giza. Mashua zao ndogo za faiba, ambazo wanaziita panga (si lile la kufyekea), hujipanga moja baada ya nyingine. Muuzaji anachota kwa wavu wa mkono chini ya taa, anamimina kwenye tangi la maji, nahodha anachungulia kuona kama wanaogelea vizuri au wameanza kulegea, ndipo anatoa noti. Anayekuja mwisho anauziwa waliobaki. Dorado, yaani fulusi, na jodari hawamhangaikii samaki aliyekwisha choka, kwa hiyo saa uliyolala kitandani unailipia huko mbele kwa ndoano isiyoguswa.

Kisha kuna upepo. Alfajiri bahari mara nyingi huwa imetulia, na kadiri jua linavyopanda upepo nao unaamka. Ndani ya mashua wazi isiyo na kivuli wala kibanda, kurudi saa nane mchana huku mawimbi yanakupiga usoni ni adhabu. Nahodha anajua saa ya kugeuza, na hatakuongezea muda mchana kufidia ule ulioupoteza asubuhi. Nimeona kikundi kilichofika jua limeshachomoza. Hawakugombezwa. Nahodha aliwasalimia kwa heshima, akawasaidia kupanda, akageuza mashua muda ule ule ambao angegeuza siku nyingine yoyote. Walirudi wakinung'unika kwamba wamepunjwa. Mimi kwa maoni yangu hawakupunjwa hata dakika.

Ukipata nahodha, mwandikie WhatsApp jioni ya kuamkia safari. Usimwulize "tunaonana saa ngapi?" tu. Uliza mashua inaingia majini saa ngapi, na gari la kuwachukua linafika hotelini saa ngapi, maana wageni wa La Paz mara nyingi husafirishwa kwa gari hadi fukwe nyingine, La Ventana au Ensenada de los Muertos, kabla ya kugusa maji. Jibu liandike kwa tarakimu, 5:00, hasa mkiwa kundi la Waswahili. Ukimwambia mwenzako saa tano asubuhi, atakuja jua likiwa utosini, naye hatakuwa na kosa.

Angalia pia saa yenyewe. Jimbo la Baja California Sur halibadilishi saa, yaani halisogezi mbele kiangazi na kurudisha nyuma wakati wa baridi kama wanavyofanya San Diego. Meksiko iliacha utaratibu huo mwaka 2022, isipokuwa baadhi ya sehemu za mpakani. Kwa hiyo anayetoka San Diego wakati wa kiangazi anakuta saa ni ile ile, lakini akienda Januari anakuta watu wa La Paz wako mbele kwa saa nzima. Simu ikichelewa kujirekebisha, umeachwa.

Ukifika, salimia kwanza. Mkono, habari za asubuhi, kwa nahodha na kwa kijana anayesukuma mashua vilevile, ndipo uulize samaki. Anayeshuka garini akianza na maswali ya ndoano wanamvumilia tu. Kibali cha kuvua kila aliye ndani ya mashua anatakiwa awe nacho, kikate mapema badala ya kukitafuta gizani. Mipaka nayo iheshimu: samaki kumi kwa mtu kwa siku, wasizidi watano wa aina moja, na dorado wawili tu. Nahodha akikwambia basi, ni basi.

Kuna asubuhi nyingine utaamka, utajiandaa, halafu atakuambia leo hatutoki. Miezi ya baridi upepo wa kaskazini huvuma kwa nguvu, na ofisi ya bandari ikifunga njia kwa mashua ndogo, hakuna wa kuondoka. Usimwite mvivu. Huyo mtu yuko ufukweni tangu usiku, na asipotoka hapati chochote. Ndiyo maana nawashauri wote waweke siku ya akiba, wasipange kuvua asubuhi ya kuamkia ndege.

Na mkirudi salama, nahodha akawakaribisha jioni kwake mle samaki wenu, amewaambia saa mbili, nendeni saa mbili na nusu mkiwa na soda za watoto.