Maswali ya Wasomaji: Kuyafikiri Yaliyo Juu Dunia Inapotikisika

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nikiamka tu nashika simu, na humo ni vita, mafuriko na watu kuachishwa kazi. Nikipiga magoti kuomba, akili haipo. Nasoma sura nzima ya Biblia, nikiifunga sikumbuki nilichosoma. Kila Jumapili tunahimizwa kuyafikiri yaliyo juu, yaani mambo ya mbinguni (Wakolosai 3:2). Nifanyeje hasa? (Dada mwenye wasiwasi)

JIBU: Amina, dada yetu. Usikimbilie kujihukumu kwamba imani yako imepoa. Tuanze na mpangilio wa siku, maana ndiko wengi wetu tunakoharibikiwa. Habari mbaya ikitangulia kuingia akilini, maombi yanaikuta imeshakaa kitini. Simu ilale chumba kingine, na kama unaitegemea ikuamshe, tafuta saa ya kengele. Habari zipangie nyakati mbili, mchana na jioni mapema, dakika 15 hadi 20 kila mara, na zisikaribie saa moja kabla ya kulala. Usikate habari kabisa. Mkristo asiyejua jirani zake wanapitia nini hawezi kuwaombea. Ila kila ukimaliza kusikiliza, chagua jambo moja tu, liombee kwa kulitaja, na kama lipo unaloweza kufanya, lifanye. Kusikiliza majanga 30 bila kuombea hata moja kunaacha woga na uchovu, basi. Bwana mwenyewe alisema tutasikia habari za vita, akaongeza: “msitishwe, maana hayo hayana budi kutukia, lakini ule mwisho bado” (Mathayo 24:6). Kusikia kumo katika maneno yake, na amri ya kutotishwa imo pia.

Sasa usomaji. Sura nzima kwa akili iliyochoka ni nyingi mno. Chukua kifungu kifupi, ukae nacho siku saba: Wakolosai 3:1-4, au Ufunuo 21:1-7, au Zaburi 121 yenye aya 8. Kisome mara mbili kwa sauti, tena polepole. Kisha jiulize: Mungu anaahidi kufanya nini hapa? Ni kitu gani anasema hakitakuwapo tena? Leo hii kinanidai nini? Jibu kwa sentensi moja, uiandike. Dakika 10 zinatosha. Danieli aliomba mara tatu kwa siku katikati ya shughuli za serikali ya kigeni (Danieli 6:10), basi nawe adhuhuri simama dakika moja uitamke ile sentensi yako, na usiku iwe neno la mwisho kabla ya kulala. Kufikia siku ya nne utaona umezoea na kifungu kimekauka. Hapo ndipo wengi hukiacha wakatafuta kipya. Wewe endelea, kwa sababu mara nyingi siku ya tano au ya sita ndipo neno lililopitwa haraka linapoanza kusema. Ukikosa siku moja, usilipe deni kwa kusoma mara mbili kesho yake. Anza pale ulipo. Mawazo yakitangatanga, kaa na karatasi pembeni: andika linalokusumbua, liombee kwa sentensi moja, urudi kwenye aya. Wafilipi 4:6 inataka haja zetu zijulikane na Mungu, na ya kwako imeshajulikana.

Kuna jambo lingine ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote. Picha ya mbinguni tuliyo nayo wengi ni nyembamba mno: mawingu, mavazi meupe, na kuimba kusikokwisha. Akili haiwezi kukaa kwenye kitu kama hicho hata ukiilazimisha. Maandiko yanatupa zaidi. Yanasema habari za mbingu mpya na nchi mpya, na mji unaoshuka kutoka kwa Mungu (Ufunuo 21:1-2). Yanasema habari za mwili uliofufuliwa: Yesu aliyefufuka aliwaambia wanafunzi wamshike-shike, akala kipande cha samaki mbele yao (Luka 24:39-43), na Paulo anatumia aya 58 za 1 Wakorintho 15 kuueleza ufufuo huo. Ipo na kazi, maana watumwa wake watamtumikia (Ufunuo 22:3). Kisha ahadi hii: “Naye atafuta kila chozi katika macho yao, wala mauti haitakuwapo tena” (Ufunuo 21:4). Itwae ahadi hiyo na jambo lako mahususi. Kama umezika mtu, soma “mauti haitakuwapo tena” ukitaja jina lake. Na usisahau kwamba Wakolosai 3:1 haikuishia kwenye neno “juu”. Inaongeza “Kristo aliko”. Ukimkosa yeye katika tafakari yako, unabaki na mahali pazuri pasipo mwenyewe.

SWALI: Katika kikundi chetu cha maombi ndugu wawili wameacha kazi. Wanasema mwisho umekaribia, hakuna haja ya kujihangaisha na ya dunia. Mmoja ana familia. Tuwaambieje? (Kiongozi wa kikundi)

JIBU: Waambieni mapema, kwa upole na kwa uwazi. Thesalonike kulikuwa na watu wa namna hiyo, na Paulo hakuzunguka: “ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula” (2 Wathesalonike 3:10). Hata mitume, Bwana alipopaa, waliulizwa mbona wamesimama wakitazama mbinguni (Matendo 1:11), nao wakarudi Yerusalemu. Wayahudi waliohamishwa Babeli waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, na wauombee amani mji wa adui zao, huku wakijua kwamba ahadi ya kurudi ingetimizwa baada ya miaka 70 (Yeremia 29:5-10). Ahadi ndiyo iliyowapa nguvu ya kupanda.

Kama hao ndugu wametajiwa tarehe, wasomeeni Mathayo 24:36, isemayo kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba. Wafuasi wa mhubiri William Miller kule Marekani walimngojea Bwana tarehe 22 Oktoba 1844. Baadhi yao walikuwa wameacha mazao shambani bila kuvunwa. Siku ikapita, na wengi walivunjika moyo vibaya. Walimpenda Bwana kweli. Kosa lilikuwa kuifungia ahadi yake kwenye kalenda.

Kipimo chepesi ni kusoma Wakolosai 3 yote mpaka 4:1. Baada ya kusema yafikirini yaliyo juu, Paulo anaingia moja kwa moja kwenye hasira, uongo, ndoa, watoto, watumwa na mabwana. Mtu ambaye tafakari yake ya mbinguni inamfanya mkali kwa mkewe na mvivu kwa wanawe ameipata mahali pengine, si kwenye waraka huu. Na yule mwenye familia msimwache kwa maneno matupu: mwulizeni kama aliacha kazi kwa imani au kwa sababu kazi ilimshinda. Mara nyingi ni la pili, na hapo anahitaji msaada wa kupata kazi nyingine.

SWALI: Nimechoka na maisha. Namwomba Mungu anichukue tu nikapumzike mbinguni. Wengine wananiambia hiyo ni dhambi. Je, ni kweli? (Sitaji jina)

JIBU: Mpendwa, tunafurahi kwamba umeandika. Kuitamani mbingu si dhambi. Paulo alitamani kwenda akae pamoja na Kristo, akasema ni vizuri zaidi sana (Wafilipi 1:23). Lakini tazama kinachofuata: anaona kwamba kubaki kunahitajiwa zaidi kwa ajili ya wengine, na anapanga kubaki. Hamu yake inamvuta kwa Kristo. Hamu nyingine inamsukuma mtu aondoke tu, popote, maumivu yakome. Hii ya pili inaweza kuvaa maneno ya kiroho, na wala si jambo la kuaibikia, ila inahitaji kutunzwa kama jeraha.

Nabii Eliya aliifikia hali hiyo. Chini ya mti wa mretemu aliomba afe (1 Wafalme 19:4). Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akalala tena, akaletewa tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Baadaye ndipo aliposemeshwa kwa sauti ndogo ya utulivu. Alipewa na Elisha wa kufanya naye kazi, akaelezwa kuwa wapo 7,000 wasiompigia goti Baali, mungu wa uongo. Usingizi, chakula, mwenzake, kisha ukweli. Tunakusihi ufuate mpango huohuo. Leo, kabla ya kulala, mwambie mtu mmoja unayemwamini kwa maneno haya haya uliyotuandikia. Kama mawazo yamefika kwenye namna ya kujidhuru, usibaki peke yako hata saa moja. Mtu awe nawe, na uende hospitali au kwa mtaalamu wa afya ya akili. Kumwona daktari hakuondoi maombi. Kama hulali au huli kwa wiki mbili mfululizo, nenda hata kama mawazo hayo hayapo.

Na ombi lako lisilazimike kuwa la furaha. Zaburi 13 ina aya 6 tu, na inaanza kwa “hata lini”. Zaburi 88 inaishia gizani. Hata zile roho za waliouawa kwa ajili ya neno la Mungu, zilizo chini ya madhabahu mbinguni, zinalia “hata lini” (Ufunuo 6:10), zikapewa kanzu nyeupe na kuambiwa zistarehe bado muda mchache. Tafadhali tuandikie tena.

SWALI: Watoto wetu wanaona picha za vita kwenye televisheni na wanaogopa kulala. Tuwaambie kuhusu mbinguni au tutawatisha zaidi? (Wazazi)

JIBU: Waambieni, lakini kwanza zimeni televisheni wakati wa habari wanapokuwapo. Mtoto mdogo akiona picha ileile mara tatu anaweza kudhani ni mambo matatu tofauti. Muulizeni ameona nini na anaogopa nini, msikilize mpaka mwisho, kisha mjibu hilo tu. Msimwahidi kwamba hakuna baya litakalotupata, maana Yesu hakuahidi hivyo, na mtoto atakumbuka. Mwambieni kwamba Yesu haachi watu wake, na kwamba iko siku atakomesha vita. Someni Ufunuo 21:3-4, aya mbili tu. Akiuliza kama kule kutakuwa na wanyama au michezo, msimkatize. Someni naye Isaya 11:6-9, penye mbwa-mwitu na mwana-kondoo, na simba alaye majani kama ng'ombe. Kisha mwacheni aombe yeye mwenyewe kwa ajili ya mtoto mmoja aliyemwona kwenye zile picha.