Mama alianza homa akiwa wodini

SWALI: Shikamoo daktari. Mama alilazwa kwa kuvunjika nyonga, hana homa. Siku ya nne akaanza kutetemeka na kuweweseka. Wanasema ana bakteria kwenye damu. Kawapata wapi? – Binti, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Homa ikianza baada ya saa 48 tangu kulazwa, hushuku kwanza maambukizi ya hospitalini. Mara nyingi bakteria hupitia kwenye kanula ya dripu (kimrija kinachoachwa ndani ya mshipa) au mpira wa mkojo. Tazama mkono wa mama pale kanula ilipoingia: pakiwa pekundu, pamevimba au panauma, mwite muuguzi sasa hivi, usingoje raundi ya asubuhi.

Uliza pia kama damu yake imepelekwa maabara kuoteshwa, yaani kukuza bakteria waliomo ili watambuliwe. Dozi ya kwanza ya antibayotiki haisubiri majibu, lakini majibu ndiyo yanayoonyesha kama dawa ile inafaa. Hili linaniuma. Utafiti wa watoto waliolazwa Muhimbili, uliochapishwa 2007, ulionyesha kuwa bakteria wa kundi la Gramu hasi (jina la kimaabara la kundi mojawapo la bakteria) kwenye damu waliua asilimia 43.5 ya waliowapata, zaidi ya mara mbili ya malaria, na usugu wa dawa ulichangia.

Maambukizi haya yanazuilika. Wodi za wagonjwa mahututi huko Michigan, Marekani, zilipunguza maambukizi ya damu yanayotokana na mirija ya mishipani kwa kiasi kinachofikia asilimia 66, kwa kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) na kuondoa mirija isiyohitajika.

Kwa hiyo kila siku uliza: kanula hii bado ina kazi? Nawe unawe kabla ya kumgusa.