Kubadilisha maneno siyo kuparafrezi

Mkuu nimekusoma, unasema umekaa na kamusi ya visawe ukabadilisha karibu kila neno kwenye chapta ya pili na bado Turnitin, ile programu ya kukagua mfanano wa maandishi, imetoa asilimia 38 na msimamizi karudisha kazi. Mimi huwa nasoma disatesheni za vijana wa historia kabla hazijapelekwa kwa wasimamizi, na hili la kwako ndo nakutana nalo kuliko lolote.

Hiyo asilimia isikutishe sana. Turnitin inaonyesha maandishi yako yamefanana na mengine kiasi gani, haisemi umeiba, hata orodha ya marejeo inaweza kuhesabiwa humo kama haijaondolewa. Fungua ripoti uangalie sehemu moja moja zilizopakwa rangi.

Tatizo lenyewe liko hapa, kuparafrezi ni kueleza wazo la mwandishi kwa sentensi zako mwenyewe, siyo kubadilisha neno moja moja. Tuseme kitabu kinasema: "Kulazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa ujira mdogo kulichangia kuzuka kwa Vita vya Majimaji huko Matumbi mwaka 1905." Mwanafunzi anaandika: "Kushurutishwa kupanda pamba kwenye mashamba ya ushirika kwa malipo kidogo kulisababisha kutokea kwa Vita vya Majimaji huko Matumbi mwaka 1905." Maneno kayabadilisha kweli, lakini sentensi inatembea vilevile mwanzo mwisho, hiyo bado ni ya mwenye kitabu. Na mbaya zaidi kaharibu maana, "kulichangia" imekuwa "kulisababisha", yaani sababu moja kati ya nyingi sasa ndo sababu yenyewe, na "mashamba ya ushirika" msomaji atawaza vyama vya ushirika, kitu kingine kabisa.

Mimi ningeandika hivi: Miongoni mwa mambo yaliyowasukuma watu wa Matumbi kuasi mwaka 1905, Fulani (2010) anataja pamba, ambayo walilazimishwa kuilima kwenye mashamba ya pamoja na kuambulia malipo madogo. Majimaji, Matumbi, mashamba ya pamoja, hayo huyagusi kwa sababu ni majina na istilahi. Na jina la mwandishi na mwaka lazima vibaki hata kama maneno yote ni yako, maana wazo siyo lako.

Wengi wanaharibikiwa mapema, wanakopi kutoka kwenye pdf wanapesti kwenye Word halafu wanaanza kurekebisha palepale juu ya sentensi ya mtu, hapo huwezi kutoka. Soma aya nzima mpaka uielewe, funga kitabu, andika kama unamweleza mwenzako wa kozi nyingine kwamba huyu mwandishi anadai nini, kisha fungua ulinganishe kama maana na uzito wa dai ni uleule. Ukishindwa kuandika kitabu kikiwa kimefungwa basi hujaelewa bado, rudi usome.

Halafu kuna wanaosoma kitabu cha Kiingereza wakakitafsiri sentensi kwa sentensi wakaona wako salama kwa sababu programu haikushtuka. Jamani hiyo ni kazi ya mtu imevalishwa Kiswahili, na msimamizi aliyesoma kitabu hicho anaijua kwa aya ya kwanza tu.

Na zile programu za kubadilisha maneno achana nazo kabisa. Mwaka 2021 mtafiti wa kompyuta wa Ufaransa, Guillaume Cabanac, na wenzake walionyesha makala za kisayansi za Kiingereza zilizochapishwa zikiwa na misemo ya ajabu iliyoelekea kutokana na programu za namna hiyo, ukiitafsiri akili bandia inaitwa "fahamu ghushi", na nyingine saratani ya matiti ikawa "hatari ya kifua". Fikiria daktari anasoma hiyo.

Kama sentensi imekaa vizuri kiasi kwamba kuigusa ni kuiharibu, inukuu ilivyo, weka alama za nukuu na ukurasa, ila chapta isijae nukuu tupu. Bandika hapa aya yako moja pamoja na ile ya kitabu, tuipitie sentensi kwa sentensi.