Mume ameanza kubeti tangu aanze dawa ya uvimbe wa pituitari

Dada wa Kondele, unauliza kama ni dawa au ni tabia tu, maana mzee hakuwahi kubeti hadi alipoanzishiwa kabergolini ya kushusha prolaktini, homoni inayotolewa kupita kiasi na uvimbe wake wa pituitari (tezi ndogo chini ya ubongo). Mimi ningeishuku dawa kwanza. Kabergolini, na bromokriptini pia, huiga dopamini, kemikali ya ubongo. Ndivyo zinavyosinyaza uvimbe. Lakini dopamini hiyohiyo ndiyo huchochea tamaa kwenye ubongo. Wengine huanza kamari, wengine kununua vitu ovyo, wengine hamu ya ngono hupanda kupita kiasi (hili watu huficha, muulize mkiwa wawili tu). Mara nyingi mwenyewe haoni shida, kwa hivyo usingoje akiri.

Usimwachishe dawa kivyako, uvimbe unaweza kukua tena. Mrudishe kwa daktari aliyemwandikia, hata kabla ya tarehe ya kliniki, na ubebe stetimenti ya M-Pesa. Pesa zilizotoka saa nane za usiku zitajieleza zenyewe. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha matibabu, na kwa kawaida hamu hiyo hutulia. Kwa sasa hela za karo zikae kwako. Akianza kusikia sauti au kushuku kila mtu, nendeni kasualti pale hospitali ya Jaramogi, Kisumu, usiku huohuo.