Kabla Hujamrudisha Samaki Majini, Lowesha Mikono

Mke wangu ndiye aliyemwona kwanza. "Baba Neema, njoo uone, huyu samaki ana mkono!" Nikadhani utani. Nilipofika ukingoni nikamkuta perege wa ukubwa wa kiganja ameelea tumbo juu, na ubavuni amechorwa vidole vinne vya fangasi mweupe, laini kama pamba iliyolowa. Nikaweka mkono wangu juu yake. Ulitoshea.

Siku nne nyuma nilikuwa nimemvua perege huyo kwa ndoano ili nimpime, bwawa langu hili dogo la Veyula, na nilimshika kwa mkono mkavu kwa sababu nilikuwa nimetoka kushika daftari. Nilipomwachia alipiga mkia, maji yakanirukia usoni, akazama. Nikaandika vipimo vyangu nikiwa na furaha.

Kilichoniuma hasa ni Hombolo. Nilihamia Dodoma 2017, ofisi ilipohama, na tangu hapo Jumamosi zangu nyingi naishia Bwawa la Hombolo na mshipi wangu. Wakubwa wawili watatu naenda nao nyumbani, wadogo nawarudisha. Wavuvi wa pale hunicheka mno. Kuna mzee mmoja, ukishamaliza naye salamu za "mbukwenyi", lazima akuulize: "Mungu kakupa, wewe unamrudishia kwa nini? Amekosea?" Nami nilikuwa namjibu kwa kiburi kidogo, kwamba nafikiria kesho. Sasa nikaanza kupiga hesabu ya wote niliowashika kwa mkono mkavu, niliowalaza mchangani, niliowainua kwa mdomo nipige picha. Hombolo ni maji mapana yenye tope, bwawa la tangu 1957. Samaki akishatoka mkononi mwako hutajua siku ya nne yuko wapi. Bwawa langu la turubai, mita kumi kwa kumi na tano, halina siri. Anayekufa anaelea, na mwenye kosa anaitwa aje kuangalia.

Kwa hiyo haya ninayoandika nimefundishwa na bwawa hilo, na samaki kadhaa wamelipa ada yangu.

Anza na utelezi. Ule ute ambao jikoni tunahangaika kuutoa kwa ndimu, majivu au chumvi, kwa samaki aliye hai ndio nguo yake na ndio dawa yake. Fangasi na bakteria wamo majini wakati wote, wanasubiri mahali palipochubuka. Kiganja kikavu kinaufuta ute, kitambaa kinaufuta, mchanga unaufuta, ubao wa mtumbwi uliopigwa na jua la saa saba unaufuta na kuunguza juu yake. Fundo za wavu wa nailoni nazo zinakwangua magamba na kuchana mapezi. Nyavu za mpira za kupokelea samaki ni bora zaidi, lakini mimi sijabahatika kuziona madukani kwetu, kwa hiyo nimeamua kutompandisha samaki kabisa. Nalowesha mikono yote miwili, namsogeza hadi maji ya magotini, namtoa ndoano humohumo. Wengi hawaonji hewa hata kidogo. (Vaa buti ndefu za mpira. Maji yaliyotulia yana konokono wa kichocho, na samaki mmoja hastahili ugonjwa huo.)

Ukilazimika kumwinua, mikono miwili, mmoja chini ya tumbo na mwingine kwenye shina la mkia, akiwa amelala kama anavyoogelea. Kumning'iniza kwa mdomo ni kumwachia uzito wake wote kwenye taya, na matumbo yake yamezoea kubebwa na maji. Kidole kisiingie kamwe kwenye mashavu. Mle ndani mna matamvua, nyuzi nyekundu nyembamba za kupumulia, na zinapokuwa hewani zinaporomoka na kushikana kama nywele za mtu aliyetoka kupiga mbizi. Zikishikana hazipumui tena, hata kama hewa imemzunguka pande zote.

Na kumbuka huyo anayetolewa majini ametoka kupigania maisha. Ni sawa na mtu aliyepanda kilima mbio, amefika juu anahema, wewe ukamfunika mto usoni upige naye picha. Kipimo changu ni hiki: samaki akitoka majini, nami nabana pumzi. Nikisikia kifua kinadai, muda wake umekwisha. Mwenye kutaka picha aandae simu kwanza, samaki bado yumo majini.

Mapambano yenyewe nayo yafupishwe. Niliwahi kuona sifa kuvua kwa uzi mwembamba na kumchezesha samaki muda mrefu. Misuli yake inajaa asidi, damu inachafuka, na anaweza kuondoka vizuri machoni pako kisha akafa saa kadhaa baadaye. Siku hizi natumia uzi wa nguvu, namvuta, tunamalizana.

Ndoano ndiyo inayoamua mengi. Chukua koleo, bana ule mwiba mdogo unaorudi nyuma mpaka ulale. Utapoteza samaki wawili watatu mpaka ujue kuukaza uzi muda wote, lakini ndoano inatoka kwa kuipindua tu na jeraha linabaki tundu dogo. Ukipata ndoano za mviringo, zile ambazo ncha yake inaangalia ndani, chukua. Hizo mara nyingi zinashika pembeni mwa mdomo. Ila usizikwapue. Kaza uzi polepole, samaki anajishika mwenyewe.

Chambo cha nyungunyungu kina lawama yake. Perege na kambale humeza. Ukichomeka ufito ukingoni ukaenda kula chipsi kivulini, ukirudi ndoano ipo tumboni. Hapo tamaa ya kuokoa ndoano ya bei ya pipi ndiyo inayoua. Nilishavuta, nikatoka na ndoano na kipande cha utumbo. Kata uzi karibu na mdomo kadiri uwezavyo, mwache aende nayo. Imepimwa na watafiti mara nyingi: aliyemeza anapona zaidi akikatiwa uzi kuliko akichokonolewa. Ndoano ya chuma cha kawaida inaliwa na kutu, nyingine mwili wenyewe unazisukuma nje. Za chuma kisichoshika kutu zinakaa muda mrefu zaidi, ndiyo maana sizinunui.

Kambale atakudanganya. Ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua, kwa hiyo anaweza kukaa kwenye ndoo tupu nusu siku akikutazama kwa dharau, nawe ukasema huyu hana shida. Lakini hana magamba. Ute ukitoka kwake, imetoka ngozi. Vidonda vyake nimeviona vikianza kama doa jekundu la kukwaruzwa na saruji na kuishia kama shimo. Na mwiba wa pezi lake la kifuani ukikuingia, utamrusha, kisha mtakuwa wagonjwa wawili.

Mama perege namtenga na wote. Perege wetu hulea kinywani: jike huokota mayai baada ya kutaga, anayaatamia mdomoni, na vifaranga wakishaanguliwa bado hukimbilia humo hatari ikitokea. Akiwa na mzigo huo hali, au anakula kidogo sana, hivyo ndoano humpata mara chache. Wavu ndio unaomkamata. Utamjua kwa koo lililovimba kama mtu aliyejaza ugali asiweze kumeza, na mdomo aliofunga kabisa. Wa kwanza kumkamata nilifungua mdomo wake nione ana nini, akatema yote, mayai ya manjano yakatapakaa kwenye beseni, na hakuyaokota tena. Niliyaangalia mpaka yakabadilika kuwa meupe. Ukimwona wa hivyo usimpime, usimfungue, usimpigie mtu simu aje aone. Shusha wavu chini ya maji, apite.

Sasa hali ya hewa yetu. Watu wanajua joto ni baya, na kweli Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, maji ya kina kifupi yanakuwa uvuguvugu. Maji ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 ni kama saba na nusu, na hizo ni hesabu za usawa wa bahari. Dodoma tupo zaidi ya mita 1,100 juu, hivyo yetu ni pungufu ya hapo. Miezi hiyo naacha kuvua saa nne asubuhi. Lakini kwenye bwawa dogo lenye maji ya kijani alfajiri nayo ni mtego: usiku kucha mimea ile midogo ya majini imekuwa ikivuta oksijeni badala ya kuitoa, na jua linapochomoza ndipo imebaki kidogo kuliko saa zote. Ukiona samaki wameinua midomo wanagugumia hewa juu, kunja mshipi urudi kulala.

Ambalo halisemwi ni baridi. Yule perege wa alama ya mkono alikufa Julai. Juni na Julai upepo wa Dodoma unaupoza usiku vibaya, maji yanapoa, kinga ya perege inashuka, na fangasi ndipo anapopata nguvu. Mchubuko ambao Februari ungepona kimyakimya, Julai unaota pamba. Miezi hiyo bwawani kwangu sigusi samaki ila kwa lazima.

Kumrudisha majini kuna namna yake. Nilikuwa namsukuma mbele na nyuma kama mtu anayesuuza shati, kwa sababu ndivyo nilivyoona wengine wakifanya. Ukimvuta nyuma, maji yanapita kwenye matamvua kinyume na njia yake. Mshike mgongo ukiwa juu kama anavyoogelea, kichwa kielekee upande upepo unakotoka kama kuna viwimbi; kama maji yametulia tembea naye taratibu mbele tu, ukizunguka. Usimwachie eti kwa sababu ametikisa mkia. Mlaze ubavu kidogo mkononi: anajiweka sawa mwenyewe? Mgeuze: jicho linabaki likitazama ulalo wa maji, au linageuka naye kama jicho la mwanasesere? Vifuniko vya mashavu vinafunguka kwa mpangilio? Akishindwa hayo, endelea kumshikilia. Aliyelegea akiachiwa Hombolo hafiki mbali, mnandi anamtazama tangu ulipoanza kuvuta uzi.

Anayevuja damu kwenye matamvua ni suala jingine. Huyo sijamwona akipona hata mmoja. Kama ukubwa wake unaruhusiwa, muue haraka, apikwe. Kumrudisha ili dhamiri yako ipoe halafu akafie chini ni kupoteza kitoweo. Niliposema hivi kwa yule mzee wa Hombolo alinitazama kwa muda, akasema, "Sasa mwanangu umeanza kuongea."

Waliojeruhiwa kwenye bwawa lako mwenyewe unaweza kuwauguza, na dawa ni chumvi ya jikoni. Robo kilo kwenye lita 25 za maji ya bwawani, ikoroge iyeyuke yote kwanza, mtie perege dakika kumi huku umekaa hapo na saa. Akilala ubavu kabla ya hapo, mtoe. Kisha pipa la lita 200 na nusu kilo ya chumvi, pampu ndogo ya hewa, kivuli, siku tano hivi. Siku ya kwanza usimpe chakula. Perege huvumilia chumvi vizuri, hata Ziwa Singidani kule Singida ni la maji ya chumvi na perege wamo. Kambale mpunguzie. Maji ya bomba yana klorini, yaache wazi kwenye pipa siku nzima kabla ya kuyatumia. Hilo nililijifunza kwa hasara nisiyotaka kuisimulia. Na usichukue wa Hombolo kumleta nyumbani kumtibu, utaleta na magonjwa ya Hombolo.

Novemba iliyopita tulikausha bwawa kuondoa tope. Tulipofika maji ya kifundo cha mguu, Neema akamdaka perege mnene, dume jeusi, akaniita. Pembeni mwa mdomo palikuwa na kovu gumu, na ncha ya juu ya mkia ilikuwa imekatwa sawasawa. Alama hiyo naikata mwenyewe kwa mkasi kwa kila niliyemkatia uzi akiwa amemeza ndoano. Nilimshika kwa mikono miwili, imelowa hadi kwenye viwiko, nikampapasa tumbo. Neema akauliza kama tunamla. Mama yake, kutoka ukingoni, akajibu kabla yangu kwamba tunamla, na kama ndoano bado imo baba yako ataipata kwenye sahani.

Tulimla. Haikuwamo.